Kuokoa na Kuopoa

Kuna vitenzi viwili ambavyo nilivichanganya mbele ya darasa zima nilipokuwa mwaka wa kwanza: kuokoa na kuopoa. Mwalimu alinirekebisha kwa upole. Unamwokoa aliye hai. Unakiopoa kilichozama, iwe ndoo kisimani au maiti ziwani. Wenzangu walicheka kidogo, kisha somo likaendelea na ngeli. Mimi sikuendelea. Nilibaki nikiwaza asubuhi moja ya mwaka 2014, kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria upande wa Buikwe, ambapo watu wazima walibishana kwa sauti mbele yangu na mimi sikuelewa wanabishania nini. Nilikuwa na miaka 13. Sasa naelewa kwamba baba yangu mdogo alikuwa bado anasema habari za kuokoa, na bibi yangu alikuwa ameshahamia kwenye kuopoa.

Nitasimulia asubuhi hiyo baadaye. Kwanza niliweke swali lenyewe. Je, ni haki mtu mwenye pumzi zake ahatarishe uhai ili amtoe majini mtu ambaye amekwisha kufa? Na kama yeye ana haki ya kujitolea, je, sisi tuliosimama ufukweni tuna haki ya kumwomba?

Kisa kinacholiweka swali hili wazi kuliko vyote ninavyovijua kilitokea Afrika Kusini, katika shimo la maji liitwalo Boesmansgat, jimbo la Rasi ya Kaskazini. Ukilitazama kutoka juu ni kidimbwi tu kati ya miamba. Chini ya kidimbwi hicho kuna pango lililojaa maji, lenye kina cha mita zaidi ya 270. Tarehe 17 Desemba 1994 kijana wa miaka 20, Deon Dreyer, alifia humo akipiga mbizi na wenzake, na mwili wake haukupatikana. Miaka kumi ikapita. Mnamo Oktoba 2004, Dave Shaw, rubani Mwaustralia aliyekuwa akiishi Hong Kong, alifika sakafuni mwa pango, akamulika, akamwona Deon amelala kwenye tope. Alijaribu kumwinua, akashindwa. Akaufunga mwili kwa kamba yake ili aweze kuupata tena, akaanza safari ya kurudi juu. Wazazi wa Deon walipopata habari walitaka mwana wao arudi, na Shaw akasema atakwenda kumchukua.

Alirudi tarehe 8 Januari 2005, akiwa na timu ya wapiga mbizi waliojipanga ngazi kwa ngazi katika vina mbalimbali, na mfuko maalumu wa kumtia maiti. Alivaa kamera kichwani, kwa hiyo tunajua yaliyotokea. Watu walitegemea kwamba baada ya miaka kumi mwili umekwama topeni na kwamba kilichobaki zaidi ni mifupa. Haikuwa hivyo. Mwili uliachia tope ukaanza kuelea, ukawa unamponyoka kila alipotaka kuutia mfukoni. Alihangaika nao, kamba ikamnasa, pumzi zikaenda mbio, na katika kina kile pumzi zikienda mbio hewa ukaa inakujaa mwilini mpaka unapoteza fahamu. Alifia pale. Rafiki yake Don Shirley alishuka kumfuata, chombo chake kikaharibika njiani, akalazimika kugeuka. Ilimchukua zaidi ya saa 12 kufika juu, na sikio lake la ndani liliumia kiasi cha kumwachia tatizo la kudumu la kutembea bila kuyumba. Siku nne baadaye, wenzao walipokuwa wakivuta kamba na mitungi iliyobaki, miili yote miwili ilipanda. Shaw alikuwa amenaswa kwenye kamba, na Deon alikuwa pamoja naye.

Kwa hiyo ahadi ilitimia. Wazazi walimpata mwana wao, na mwanamke mwingine akampoteza mume.

Ili tusimhukumu Shaw haraka, inafaa kujua mpiga mbizi anaingia katika nini, hasa sisi wa Kampala ambao wengi wetu tunalijua ziwa kwa kula samaki wake. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye mita 30 naitrojeni iliyo katika hewa ya kawaida huanza kumlevya mtu kama pombe. Anaweza kutabasamu huku mtungi wake unaisha. Ndiyo maana wanaokwenda chini sana huchanganya heli katika hewa yao. Kupanda nako ni hatari yake. Gesi iliyoyeyuka katika damu hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, kwa hiyo lazima upande kwa vituo, unasimama hapa dakika kadhaa, pale saa nzima. Katika bahari ya wazi ukipatwa na hofu unaweza angalau kukimbilia juu ukaumie lakini uwe hai. Ndani ya pango juu ni dari. Njia ya kutoka ni ileile uliyoingilia, na teke moja la mguu linaweza kutibua tope usione hata kidole chako. Jambo jingine ambalo nimelijua juzi tu: majedwali ya kupandia yaliyotungwa kwa ajili ya baharini hayafai yalivyo mahali palipoinuka. Boesmansgat iko juu ya mita 1,500. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Anayepiga mbizi Ggaba anapiga mbizi mlimani.

Epikuro, mwanafalsafa wa Kigiriki, angelimaliza swali hili kwa dakika mbili. Kwake yeye aliyekufa hayupo, na asiyekuwapo hawezi kuonewa wala kutendewa mema. Basi Deon hakuwa na haja na mtu yeyote pale chini, na Shaw alikufa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa mtu. Nimejaribu kuikubali hoja hii na nimeshindwa, wala si kwa sababu ya kukosa mantiki. Ukiikubali, huwezi kueleza nusu ya mambo tunayofanya hapa Afrika Mashariki. Huwezi kueleza kwa nini Wakenya walibishana mahakamani kuhusu mahali pa kumzika wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987. Huwezi kueleza michango ya kusafirisha maiti inayopitishwa katika ofisi na makanisa na misikiti ya Kampala kila wiki. Profesa John Mbiti, aliyefundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, aliandika kwamba marehemu ambaye bado yuko mtu anayemkumbuka kwa jina ni mfu aliye hai, mmoja wa jamaa. Unaweza kumpinga Mbiti katika mengi, na wapo waliompinga, lakini hapo alieleza tu kile ambacho kila mtu aliyewahi kukaa matangani anakijua.

Hata hivyo, mila zetu hizohizo zina njia kwa ajili ya mwili usiopatikana. Baganda huzika shina la mgomba. Waluo wana tunda la mvungunya. Waislamu wana sala ya ghaibu. Nikitazama vizuri naona kwamba wazee wetu walijua mito, maziwa na misitu, wakajua kwamba si kila mtu atarudishwa, wakatafuta namna ya kufunga msiba bila kutuma mtu mwingine aende kufa. Mgomba ule si mwili, na kila aliyesimama kaburini anajua si mwili. Lakini watu wanaoga, wananyoa, wanarudi mashambani. Walio hai wanaruhusiwa kuendelea.

Hapa linaingia pingamizi zito kuliko la Epikuro. Nani amekwambia kwamba aliyeko chini amekufa?

Mwezi Mei 2013 meli ndogo ya kuvutia meli nyingine, Jascon-4, ilipinduka pwani ya Nigeria. Wapiga mbizi walioshuka walikuwa wamekwenda kuopoa. Katika kina cha mita zipatazo 30 mmoja wao aliona mkono, akadhani ni wa maiti nyingine, akaushika. Mkono ukamshika. Harrison Okene, mpishi wa meli hiyo, alikuwa amekaa takriban saa 60 gizani ndani ya kifuko cha hewa. Na hapa kwetu, katika ziwa letu hili, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai siku mbili baadaye. Waliokuwa watu wazima mwaka 1996 wanakumbuka MV Bukoba, na jinsi inavyosimuliwa kwamba watu walisikika wakigonga ndani ya meli iliyokuwa imeelea kifudifudi, tundu likatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini.

Kwa hiyo mstari kati ya kuokoa na kuopoa hauonekani kutoka ufukweni. Nakubali. Lakini pingamizi hili lina kipimo chake, nacho ni saa. Chombo kilichopinduka kikiwa na vyumba kinaweza kushika hewa, mtumbwi hauwezi. Siku ya pili kuna matumaini fulani kwa baadhi ya vyombo. Baada ya wiki hayapo. Kuna wakati ambapo kuendelea kutamka neno kuokoa ni kujidanganya, na mara nyingi anayelipa gharama ya udanganyifu huo ni yule anayefungwa kamba kiunoni.

Nilikuwa kidato cha tano wakati boti ya MV Templar ilipozama upande wa Mukono, Jumamosi jioni ya tarehe 24 Novemba 2018, ikiwa na watu waliokwenda kustarehe. Zaidi ya 30 walikufa. Kwa siku kadhaa Kampala nzima ilikuwa ikiuliza wapiga mbizi wa polisi na jeshi wamepata wangapi leo. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba, gari lilirudi nyuma likatoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama na mama na bintiye mdogo. Halikuopolewa hadi tarehe 11 Oktoba. Kina kilikuwa kama mita 58, mkondo wa bahari una nguvu, na meli hazikuacha kupita. Nakumbuka hasira za watu: serikali gani hii, siku zote hizi! Nami nilikasirika. Leo nikifikiria mita 58 za maji yenye kiza, hasira yangu haiwaendei tena waliokuwa wakishuka. Inabaki kwa wale ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba mlango wa kivuko unafungwa, kwamba boti mbovu haitoki gatini, na kwamba mpiga mbizi ana vifaa kabla ajali haijatokea. Tunamdai mpiga mbizi ushujaa ili asidaiwe mwingine uangalifu.

Sasa asubuhi yangu.

Kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa na miaka 19. Alipanda mtumbwi wa mashine uliokuwa umebeba mkaa na nyavu, upepo ukaupiga, ukapinduka. Watatu waliogelea, yeye hakuonekana. Kwa kawaida ziwa hurudisha mtu baada ya siku chache, lakini siku ya tano alikuwa hajarudi, na wavuvi wakasema amenaswa na nyavu pamoja na mtumbwi. Boti yenye watu na mitungi tuliyoahidiwa haikufika. Baba mdogo akatafuta kijana mvuvi aliyejulikana kwa kuzama bila kifaa chochote, akishuka na jiwe na kamba. Wakakubaliana shilingi 150,000, nusu kabla, nusu baadaye. Palikuwa na kina cha pima saba, yaani kama mita 13.

Alizama mara ya kwanza, akarudi hana kitu. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu alikaa sana, wenzake wakaanza kuvuta kamba, akatokea damu ikimtoka puani. Alipumzika ukingoni mwa mtumbwi, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sababu hakuwa Mganda na mialoni hicho ndicho tunachoelewana nacho: “Nimegusa kitu. Kitu laini, kama nguo.”

Baba mdogo alitaka azame tena papo hapo. Kijana mwenyewe alikuwa tayari. Alikuwa ameshashika jiwe. Bibi yangu, tuliyemwita Jaja kama watoto wote wa Buganda, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka tangu alfajiri bila kusema neno. Akasimama, akaingia majini na gomesi lake mpaka magotini, akasema: “Mtoto wangu ameshalala. Huyu bado hajalala. Msimlaze.” Akaamuru kijana apewe nusu yake iliyobaki. Baba mdogo akapiga kelele kwamba mwanawe yuko pale, pima saba tu, ameguswa! Jaja hakujibu. Ukoo ulimfuata yeye. Jumamosi ile tulizika mgomba.

Kwa miaka mingi nilidhani alikosea, na baba mdogo hakuzungumza naye vizuri tena hadi alipofariki mwaka 2021. Nilipokuwa nikisoma habari za Boesmansgat ndipo nilipomwelewa, au nadhani nilimwelewa. Neno “nimegusa” ndilo la hatari kuliko yote. Mwili usiojulikana uliko hauiti mtu. Mwili ulioonekana, ulioguswa, uliofungwa kamba, unakuwa deni. Shaw alipomwona Deon alijifunga naye siku hiyohiyo, miezi miwili na zaidi kabla ya kamba kumnasa kweli.

Rafiki yangu mmoja wa bwenini, ambaye nilimsomea rasimu ya insha hii, hakukubaliana nami. Alisema: “Yule kijana alikubali. Alilipwa. Wewe unapanda bodaboda kila siku kutoka Wandegeya kwa shilingi elfu mbili, na unajua watu wa bodaboda wanavyokufa. Mbona hapo hujiulizi maswali ya falsafa?” Hoja hii ilinikosesha usingizi. Ni kweli, kila siku tunanunua hatari za wenzetu: mwashi juu ya jukwaa la miti, mchimba kisima, mlinzi wa usiku. Kukubali kwa mtu mwenye njaa si kukubali kamili, lakini ukilishika hilo kwa nguvu hakuna atakayefanya kazi Kampala.

Nilichoweza kumjibu ni hiki. Nikipanda bodaboda, nakaa kwenye kiti kilekile. Tukianguka tunaanguka wote. Ufukweni haiko hivyo. Anayeomba amesimama pakavu, na uchungu wake unamfanya asiweze kupima, kwa sababu kwa mzazi aliyefiwa hakuna bei iliyo kubwa. Mtu wa namna hiyo si wa kuachiwa aamue ni mara ngapi mwingine azame. Simlaumu, nasema tu kwamba maamuzi yasiwe mikononi mwake. Mpiga mbizi naye akishagusa nguo si wa kuachiwa, kwa maana naye ameshafungwa. Panahitajika mtu wa tatu, mwenye haki juu ya maiti na huruma kwa aliye hai. Kwa wapiga mbizi waliofunzwa mtu huyo ni kiongozi wa mbizi, anayekaa juu na saa mkononi na mwenye amri ya kusema basi. Kwetu sisi alikuwa kikongwe aliyelowa magoti.

Je, ina maana kwamba Shaw alifanya kosa? Hapo bado nasita. Hakuhitaji fedha za mtu, alikuwa na ujuzi ambao ni watu wachache sana duniani waliokuwa nao, na aliyempa ahadi hiyo hakumlazimisha. Ninaweza kuheshimu zawadi ambayo nisingethubutu kuiomba. Lakini siwezi kusahau kwamba Don Shirley alishuka kwa sababu Shaw alishuka, na Shaw alishuka kwa sababu Deon alikuwa kule. Bahari ya Shamu, huko Dahab nchini Misri, kuna shimo la buluu ambalo limeua wapiga mbizi wengi, na mzamiaji Mmisri, Tarek Omar, amekuwa akiwaopoa kwa miaka. Ukutani mwa jabali lililo kando ya shimo hilo kuna mabamba yenye majina. Kila jina lilihitaji mtu ashuke. Kiswahili kinatofautisha hapa vizuri kuliko tunavyodhani: kuzama ni jambo linalokupata, kuzamia ni jambo unalolifanya, lakini maji ni yaleyale kwa vitenzi vyote viwili.

Mwaka jana nilimwona yule kijana sokoni Ggaba. Si kijana tena. Anauza sangara, ana tumbo kidogo. Nilimkumbuka kwa kovu la nyusi. Nilijitambulisha, akanyamaza, kisha akaniamkia kama mtu wa nyumbani na kuniuliza habari za bibi. Nilimwambia amefariki, akasema pole sana, bibi yule. Nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kutomuuliza, kama kweli mara ile ya tatu aligusa nguo.

Aliendelea kupanga samaki. “Nusu ya pesa ilikuwa bado,” alisema. Kisha, baada ya muda: “Hapana, niligusa. Niligusa kitu. Lakini huko chini, ndugu yangu, kila kitu ni laini.”